Mguu wa Aroni Rutaihwa na Kibanja cha Ma Alistidia

Privatus Kagaruki,
Izimbya, Bukoba Vijijini.
2 Septemba 2025

Mwalimu Elieth Kahigi,
Mwenyekiti,
Kamati ya Miaka Hamsini ya Nyota ya Izimbya.

Mwalimu wangu mheshimiwa,

YAH: KUPINGA UTEUZI WA BYARUGABA KUWA MBUTUAJI BORA WA TIMU YETU TANGU IANZISHWE

Nakusalimu kwa heshima anayostahili mtu aliyenifundisha hesabu darasa la tano, na ambaye sasa, kwa huzuni yangu, anaelekea kuzisahau.

Jumapili nilikuta karatasi ya kamati yako imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Inasema kwamba mwezi Desemba ukuta wa chumba kipya cha wachezaji utaandikwa jina la Byarugaba, beki wetu wa zamani, ambaye siku hizi anaishi Bilele na kitambi chake. Niliisoma mara tatu, mara ya tatu kwa miwani, na kila mara upuuzi uliongezeka.

Wapo wajumbe wako ambao hawajawahi kuugusa mpira isipokuwa kwa macho, kwa hiyo naanza na maana. Kubutua ni kuupiga mpira uende zake, mbali na hatari, bila kuuliza unakwenda kwa nani. Wajinga husema ni kazi isiyo na akili. Hoja zangu zinafuata.

1. Kamati imepima kwa lori. Mnasema butuo la Byarugaba la mwaka 1986 ndilo refu kuliko yote kwa sababu mpira ulikutwa Kahororo. Ni kweli ulikutwa Kahororo. Ulifika huko juu ya magunia ya kahawa, ndani ya lori lililokuwa likipita barabarani. Byarugaba aliupiga hatua hamsini. Zilizobaki zilipigwa na dizeli. Kama huo ndio utaratibu, mwandikeni dereva ukutani, na chini yake mwandikeni fundi aliyemzibia pancha.

2. Hata angeupiga mwenyewe mpaka Kahororo, ingekuwa hasara tupu. Timu ilikuwa na mpira mmoja. Mechi iliishia dakika ya thelathini, tukiwa nyuma kwa goli moja, tukarudi nyumbani kula. Napoleon alifika Moscow, na kwa hatua alikuwa ametembea kuliko jenerali yeyote wa Kirusi. Warusi walimwachia mji mtupu, wakaketi, wakasubiri baridi. Nani alishinda? Beki mwerevu hapigani na umbali. Anapigana na saa.

3. Sasa nakuja kwa Aroni Rutaihwa, beki wetu wa kushoto, na fainali ya mwaka 1993 dhidi ya Muleba. Uwanja wetu, kama unavyojua, umezungukwa na vibanja, kila nyumba katikati ya migomba yake. Upande wa kushoto, ukishuka kuelekea goli la chini, migomba inayofuata baada ya mstari wa chaki ni ya Ma Alistidia. Sheria ya uwanja ilikuwa moja: timu iliyobutua ndiyo inayokwenda kuufuata mpira. Na sheria ya Izimbya, iliyo kubwa kuliko za FIFA, inasema mtu haingii kibanja cha mtu kama mbuzi. Anasimama mlangoni, anasalimia, anajibiwa.

Nazungumza kwa ushahidi, Mwalimu. Nilikuwa winga wa kushoto, mtu wa karibu kuliko wote na migomba ile, kwa hiyo mfuataji wa mpira nilikuwa mimi. Ma Alistidia alinipokea kwa magoti kwenye nyasi mpya alizotandaza sebuleni. Akaniuliza nimeshindaje. Akauliza mama ameshindaje, baba ameshindaje, ng'ombe yule mwenye jicho bovu ameshindaje. Akauliza ukoo, ingawa alikuwa jirani yetu tangu nizaliwe. Kila swali nilijibu “Ego waitu”, ndiyo ya heshima, kwa sauti ya chini, jezi imenigandia mgongoni. Kisha akaniletea kahawa ya kutafuna, na mtu aliyekataa kahawa ya mwenyeji hata Muleba hayupo. Ndipo aliposema, taratibu, “Na huu mpira, mwanangu, ni wenu?”

Dakika saba, kwa saa ya mwamuzi. Rutaihwa aliupeleka mpira pale mara nne katika kipindi cha pili, sisi tukiongoza moja bila. Nne mara saba ni ishirini na nane, Mwalimu, ulinifundisha wewe. Muleba walikuja na timu nzuri kuliko yetu, wakacheza dakika kumi na saba. Hilo ndilo kombe pekee tulilo nalo. Mengine yote kabatini ni vikombe vya chai.

4. Kuna wanaouliza kwa nini mwamuzi hakuongeza muda. Mwamuzi alikuwa amemwoa Gaudiosa, binti wa Ma Alistidia. Kuongeza muda kungekuwa sawa na kutangaza mbele ya watu mia tatu kwamba mama mkwe wake anachelewesha. Mashabiki wa Muleba walipiga kelele mpaka ndege wakahama. Kocha wao alikimbia mpaka ukingo wa kibanja akifoka, “Mwambieni huyo mama autupe!” Wazee wetu wakamuuliza kwa upole kama huko kwao ndivyo wanavyoongea na wakwe. Akarudi kuketi. Nani mwingine katika soka la mkoa huu amewahi kuchagua, kati ya vibanja tisa, kile kimoja ambacho mwamuzi hawezi kukikaripia? Hiyo si bahati. Hicho ni kipaji kilichosomea mahali.

5. Byarugaba, akiwa kwenye lubisi, pombe yetu ya ndizi, husema kwamba Rutaihwa alibutua kama mtu anayefukuza kuku. Namjibu hapa kwa maandishi, kwa kuwa ana mikono mizito na mimi nina meno yangu yote: mtu anayefukuza kuku anajua anakotaka kuku waende.

6. Hoja ya mwisho si ya mpira. Rutaihwa ana sukari. Mguu wake wa kushoto, ule ule, umeoza kidole kwa kidole tangu Pasaka, na madaktari wamemwambia utakatwa chini ya goti tarehe 16 mwezi huu. Amekubali. Mkewe, Evodia, analia; yeye anamwambia mguu huo ulikwisha kumaliza kazi yake mwaka 1993 na tangu hapo ulikuwa likizo. Lakini juzi aliniuliza, akitazama pembeni kama mtu anayeuliza bei, kama nimesikia kamati imeamua nini. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Byarugaba ana miguu miwili, na kwa alivyonenepa itamtosha mpaka Desemba na Desemba zote zijazo. Rutaihwa ana siku kumi na nne.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu ambao mimi mwenyewe unanishangaza: karatasi ile ibanduliwe, jina la Aroni Rutaihwa liandikwe ukutani kabla ya tarehe 16, na lisomwe uwanjani, mwenye jina akiwa amesimama kwenye chaki ya kushoto kwa miguu yote aliyozaliwa nayo. Rangi naleta mimi. Kamati ikikataa, nitakuja kwenye kikao cha Jumamosi na kuyasema haya yote kwa mdomo, na unajua tangu darasa la tano kwamba mimi kunyamaza sijui.

Wasalimie wajumbe wote, hata wale waliomchagua Byarugaba, kwa kuwa na wao wana mama zao. Msalimie mzee nyumbani, na wajukuu, na ng'ombe.

Mwanafunzi wako asiyechoka,

Privatus Kagaruki
Winga wa kushoto, 1988–1995

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nilikwenda kwa Ma Alistidia ili aweke dole gumba kama shahidi. Ana miaka themanini na mitatu na akili zake zote. Baada ya dakika saba nikamsomea barua. Akacheka mpaka akashika nguzo. Nilikuwa nimesahau kwamba wanawake huolewa kutoka mahali: Ma Alistidia ni binti wa Kamachumu, Muleba. Siku ile uwanja hakuuona kwa sababu ya migomba, ila aliwasikia ndugu zake wakipiga kelele, akaamini wanaongoza. Akaukalia mpira ili wasirudishiwe goli. Kadiri alivyouchelewesha ndivyo walivyozidi kupiga kelele, na kadiri walivyozidi kupiga kelele ndivyo alivyoniongezea kahawa. Kombe letu tulipewa na shabiki wa Muleba.

Nikaenda kwa Rutaihwa, angalau nipate kwake kwamba alikuwa akilenga. Alikuwa kitandani, mguu juu ya mto. “Ta Privatus,” akasema, “sikuwa nabutua. Nilikuwa nakupasia wewe. Mara zote nne.”

Mwalimu, hoja ya tatu imekufa, na ya nne imezikwa nayo. Naomba barua hii isomwe kikaoni Jumamosi mpaka penye sahihi yangu, kisha uikunje. Hapa chini pasomwe tarehe 17.