Neno Nililoliweka Baada ya Sala

Jumanne, 10 Juni

Baridi! Naandika nimevaa soksi mikononi. Lakini Orpa anakuja Likasi Jumamosi!

Orpa ni mwalimu kule Mulungwishi. Nimempenda miaka minne, bila kumwambia. Sasa Rolly, yule fundi umeme wa Shituru mwenye meno mengi, amewaomba wazee wake waende kujitambulisha kwa kina Orpa, kuanza posa. Orpa ameomba muda wa kufikiri hadi Jumapili ya wiki ijayo.

Kwa hiyo nimeandaa mjadala katika ukumbi wa parokia, hapa Kikula. Mada: studio ya filamu hujengaje ulimwengu mmoja wa mashujaa wengi, kila mmoja na filamu yake, kisha wakutane wote? Orpa anazipenda filamu hizo kuliko chai. Mnenaji mkuu: mimi!

Alhamisi, 12 Juni

Balaa. Anayepinga hoja yangu ni Rolly! Alijiandikisha mwenyewe, mshenzi.

Haidhuru. Filamu hizi huficha tukio moja mwishoni kabisa, majina yote yakishapita. Wajinga hutoka, wajuzi hubaki kitini. Orpa hubaki daima. Basi nitatoa hoja zangu, sala ya kufunga itapita, ndipo nitamwambia. Akili gani hii! Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Sauti ilikatika mara sita.

Jumamosi, 14 Juni

Watu arobaini. Orpa mstari wa pili, sweta ya kijani. Nilisahau salamu.

Nilieleza kwamba studio itangaze filamu kumi na mbili siku moja, watu washikwe na hamu. Hamu ndiyo ulimwengu wenyewe! Makofi ya adabu. Rolly akasema hakuna anayependa ulimwengu, watu humpenda mtu mmoja. Tengeneza kwanza filamu moja yenye mwisho, nyingine zitafuata. Makofi mengi. Hata Orpa alipiga!

Kisha Orpa akauliza swali, akinitazama mimi. Mtazamaji aliyengoja miaka minne, na filamu ya kwanza bado haijatoka, afanye nini? Nikajibu mtazamaji wa kweli hachoki. Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka.

Sala ya kufunga. Amina. Nikabaki nimefumba macho, nikihesabu taratibu hadi hamsini, ili majina yapite. Nilisahau jambo linalojulikana na kila Mkristo wa Kikula: baada ya Amina, hakuna anayebaki. Gari la Mulungwishi lilikuwa limeshapiga honi. Nilipofumbua macho nilikuwa tayari nimetamka nusu ya hotuba ya mapenzi mbele ya viti vitupu. Nikaimalizia, maana nilikuwa nimeianza.

Mama Berthe, mtunza ukumbi, alisikiliza yote. Akasema, "Maneno iko muzuri, papa. Lakini simama, nataka kubeba biti." Akaanza kukusanya viti.

Jumapili, 15 Juni

Namkumbuka kupita kiasi. Nimesikiliza ujumbe wake wa sauti wa Desemba, anapouliza kama nina chaja. Mara tisa. Anavyotamka "chaja"! Nje kila sweta ya kijani inanisimamisha, hata ya yule mzee muuza mkaa.

Jumatano, 18 Juni

Ujumbe wa sauti kutoka kwa Orpa! Mama Berthe amempigia simu na kumweleza kila kitu. Nauandika hapa ulivyo: "Gauthier, minye nataka kusikia mu kinywa yako weye mwenyewe. Sema leo. Dimanche bazee ya Rolly banakuja." Yaani wazee watafika Jumapili hii!

Sauti ilikuwa laini, kama ya mtu aliyelia. Niliandika neno moja: "Nakupenda." Nikalitazama. Kweli tupu. Nikalifuta.

Fupi mno! Mapenzi ya miaka minne yatoke hivi hivi, bila utangulizi? Nimemjibu avumilie kidogo: ninamtayarishia jambo kubwa, sehemu tatu, ya kwanza itatoka Krismasi.

Amesoma. Saa nne zimepita, hajajibu kitu. Nadhani hamu imeshaanza kumshika.