Mwanangu Hataki Kushindwa

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Salamu nyingi kwako daftari. Mimi mzima, ila presha. Baba Watoto mzima, ila goti. Kifungua mimba wangu mzima, anapaka rangi kuta za watu huku zetu zinabambuka. Mkewe mzima. Mjukuu mzima, anaota meno, hatulali. Kitindamimba naye mzima, ila ni mzima wa kwenye televisheni.

Sheria ya lile shindano la maswali ndiyo hiyo: ukishinda unarudi kesho, ukishindwa unarudi kwenu. Binti yangu alikwenda kwa jioni moja, na gauni moja. Leo kashinda mara ya kumi na saba! Analala wapi? Kwa shangazi yake, wifi yangu, jirani na studio. Na nani anakaa kiti cha mbele akipunga kitambaa kama anafukuza nzi? Wifi! Leo mtangazaji kamuuliza, wewe ndiye mama wa bingwa? Katabasamu. Hakukanusha! Uchungu niushike mimi, pongezi apokee yeye.

Nataka mwanangu ashindwe, arudi nyumbani. Basi. Nimeandika.

Jumanne, tarehe 4

Nimempigia. Nikamwambia akosee swali moja tu, dogo. Akasema, mama, huo ni udanganyifu, na wewe ndiye uliyenichapa kwa udanganyifu. Kumbe malezi mema yana hasara! Nikamuuliza anakula nini. Akasema shangazi anapika vizuri. Tena kwa sauti ya kushiba. Nikakata simu, nikasingizia mtandao.

Kashinda. Wifi kavaa kilemba kikubwa kama mto. Waliokaa nyuma yake wamemsikia mwanangu tu, hawakumwona.

Jumatano, tarehe 5

Nimepiga simu studio. Nikabana pua, nikasema mimi ni daktari, msichana wenu ana ugonjwa wa kuambukiza, arudishwe kwao haraka. Mpokea simu akasema, shikamoo mama, namba hii si ndiyo aliyoiandika binti yako? Aibu! Akaendelea bila hata kucheka: mshiriki akikwama anaruhusiwa kumpigia mtu mmoja tu wa nyumbani, na wa binti yangu ni mimi.

Mimi! Niliyeishia darasa la tatu! Baba Watoto kacheka hadi goti likamuuma. Acheke. Akikwama, atanipigia. Akinipigia, nitamdanganya. Nimeona njia.

Kashinda bila kukwama.

Alhamisi, tarehe 6

Nimeshinda na simu mkononi. Maharage yameungua. Hakunipigia. Kafikia rekodi ya shindano, ushindi wa ishirini! Nchi nzima inashangilia, mimi nasugua sufuria.

Ijumaa, tarehe 7

Akwame leo, au basi tena.

Kakwama! Mtangazaji akatangaza, sasa tunampigia mama mzazi. Mzazi! Kwenye kioo wifi akashusha kitambaa. Raha niliyoisikia siielezi.

Mwanangu akauliza, mama, pweza ana moyo mmoja au mitatu? Nikajua jibu papo hapo! Kila kiumbe kina moyo mmoja. Hata wifi anao, labda mdogo. Nikasema, mitatu, mwanangu.

Simu ikakatwa. Mtangazaji akamuuliza, una hakika? Akasema, mama yangu hajawahi kunidanganya.

Jamani. Nikapiga kelele, ngoja, ngoja! Kifungua mimba akasema, mama, televisheni haisikii.

Halafu makaratasi ya rangi yakamwagika kutoka darini. Mitatu! Mitatu kweli! Pweza mioyo yote hiyo ya nini? Rekodi imevunjwa, na aliyeivunja ni mimi.

Jumamosi, tarehe 8

Majirani wamejaa mpaka kwenye ngazi. Wananiita Profesa. Fundi viatu kaniuliza jua lina uzito gani. Nikamwambia inategemea.

Wifi kapiga. Anasema nisiwe na wasiwasi, bingwa wetu anaweza kukaa kwake hata mwaka. Bingwa wetu! Mwaka! Nikaenda jikoni, nikalia kidogo, nikanawa uso.

Nimefikiri sana, na kosa langu nimeliona. Nilisema uongo. Jumatatu nitasema kile ninachokijua kwa dhati, na hapo lazima aanguke.

Nimemtumia ujumbe: mwanangu, ukikwama tena usisite, nipigie mimi, mama yako hakudanganyi. Hajajibu. Daftari, ukipata habari zake kabla yangu, nijulishe upesi.