Nusu Mwanzi, Nusu Faiba

Jumatatu, 3 Juni

Nimefanya jambo. Silitaji jina lake kwanza.

Baba mkwe, anayeishi nasi tangu alipopasuliwa goti, amenipa ufito wake wa kuvulia samaki niupake vanishi. Wa mwanzi. Aliuchonga mwenyewe mwaka aliozaliwa mke wangu. Jumapili anakwenda bwawani, mara ya kwanza tangu goti. Ameitaja Jumapili hiyo mara nne katika kikombe kimoja cha chai.

Vanishi ni kazi ya dakika kumi. Lakini nikajiuliza: kitu chembamba hivi kinapinda bila kuvunjika, ndani kuna nini? Nikachukua msumeno. Nichungulie tu.

Ndani kuna vyumba! Kila kifundo kina ukuta wake, mweupe, mwembamba kama karatasi. Nikatamani kuona chumba cha pili. Nikachomeka bisibisi. Nusu ya juu ikapasuka urefu wake wote.

Sasa nina jibu, sina ufito.

Jumanne, 4 Juni

Baba mkwe kauliza ufito. Nikamwambia vanishi haijakauka. Akasema vizuri, vanishi haitaki haraka. Nimejisikia vibaya hadi saa nne hivi.

Nikaenda kwa jirani, fundi boti, ambaye mtaa mzima unamwita Polepole. Nikamweleza kwamba rafiki yangu ameharibu ufito wa mkwewe. Akauliza huyo rafiki ana watoto wangapi. Wawili, nikasema. Akasema kama wewe, kumbe.

Akanipa ncha ya ufito wa faiba uliovunjika mpini. Nyepesi mno! Nikaona mwanga. Chini mwanzi, wenye nguvu ya mkono. Juu faiba, yenye wepesi. Nikamuuliza mbona hakuna aliyewahi kulifikiria jambo hili. Akasema wamelifikiria wengi. Wivu wa mafundi huo.

Baba mkwe hatauona uharibifu. Ataona maendeleo.

Jumatano, 5 Juni

Nimepiga ncha msasa barazani. Polepole aliniagiza nivae mikono mirefu, nifunike pua, nilowanishe msasa maji, eti vumbi la faiba linawasha. Na joto hili? Nikavua shati.

Najikuna. Najikuna hata mahali nilipokuwa nimepasahau.

Alasiri akaja shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye hajawahi kukosea tangu azaliwe, ukimuuliza yeye. Amemnunulia baba yake ufito mweusi wa dukani, wenye mfuko na zipu. Eti ule wa mwanzi upelekwe jikoni ukachochee moto. Akaketi na kaptula yake kwenye benchi nililopigia msasa. Sikumwambia kitu. Wema una mipaka.

Aliondoka akitembea miguu imeachana. Furaha yangu ilidumu hadi mke wangu alipolundika nguo safi juu ya benchi lile lile. Nyumba nzima inajikuna. Mke wangu hasemi nami.

Alhamisi, 6 Juni

Siku tamu! Polepole amenifundisha kwamba kila ufito una mgongo. Unausimamisha sakafuni, unaubonyeza upinde, unauzungusha polepole kwa kiganja. Ukifika mahali fulani unaruka wenyewe na kutulia. Huko ndiko unakopenda kupinda. Mgongo wa mwanzi na mgongo wa faiba lazima ikae upande mmoja, na pete za mshipi zifuate mstari huo. La sivyo ufito utajipinda mkononi na mshipi utakwenda upande.

Sikuamini. Nimejaribu. Unaruka kweli! Nimejaribu ufagio. Nimejaribu fimbo ya pazia, na pazia lake. Hata mkongojo wa baba mkwe unao mgongo, ingawa haukupinda hadi nilipouegemea kwa uzito wote. Akauliza nafanya nini. Nikasema mazoezi ya bega.

Nimetia alama za penseli, moja kwenye mwanzi, moja kwenye faiba. Mtu makini.

Ijumaa, 7 Juni

Gundi. Ni ya chupa mbili, inachanganywa nusu kwa nusu, kidogo kidogo. Nikawaza: nikiongeza ile ya kukaushia, si itakauka upesi? Kikombe cha plastiki kikaanza kutoa moshi. Kikayeyuka. Meza ya mke wangu ina shimo sasa, la mviringo, nadhifu kabisa. Nimeweka chombo cha maua juu. Hatuna maua.

Mara ya pili nikafuata maagizo, shingo upande. Nikachomeka kijiti ndani ya mwanzi, kikaingia na ndani ya faiba. Kabla ya kuunga nikafuta kila kitu kwa spiriti, kiwe safi.

Kikawa safi. Hata alama za penseli.

Migongo nimeikisia.

Jumamosi, 8 Juni

Kiungo nimekizungushia uzi mwekundu, kinapendeza. Mke wangu amehamisha chombo cha maua. Nikamwambia yote. Akasema nimwambie baba yake leo, kwa kinywa changu. Nikafika hadi mlangoni kwake. Alikuwa anapanga ndoana kwa ukubwa, kwenye leso, na anaimba. Nikarudi. Naogopa, nasema kweli. Si kwamba atafoka. Ataacha kuimba.

Jumapili, 9 Juni

Bwawani. Shemeji na mfuko wake wa zipu, na kofia mpya. Baba mkwe akafunua ufito, akapitisha kidole gumba kwenye uzi mwekundu, taratibu. Akauliza sehemu ya juu imepatwa na nini. Nikasema mchwa. Akasema mchwa wa siku hizi hodari, wanakata mstari ulionyooka.

Kisha akarusha. Ufito ukajipinda mkononi, mshipi ukaenda kushoto, ukarudi na kofia ya shemeji. Akarusha tena. Kushoto. Nilitamani ardhi inimeze. Mara ya tatu akageuka, akaligeuzia bwawa bega, kama anayetaka kwenda nyumbani. Mshipi ukazunguka ukatua nyuma ya matete, pale ambapo hakuna mtu aliyewahi kufikisha ndoana.

Kambare! Mrefu kama mkono wangu. Baba mkwe alicheka hadi akafuta macho. Akasema ufito ule ulikuwa mzito juu tangu siku alipouchonga, na miaka yote hiyo aliogopa kuurekebisha. Akaniita fundi. Mbele ya shemeji!

Rafiki wa zamani wa baba mkwe, aliyekuwapo bwawani, anataka ufito wa namna hiyo hiyo, kabla ya Jumapili ijayo. Nikasema kitu rahisi, baba.

Jumatatu, 10 Juni

Sijui niliungaje. Upande gani uko wapi? Migongo imepishana robo? Nusu? Nimeutazama asubuhi nzima. Nimeuzungusha sakafuni, unaruka mara mbili, haisaidii. Jibu limo ndani ya kiungo.

Mke wangu anasema niende nikamuulize Polepole. Polepole atasema nianze na mwanzi mwingine, nijaribu wiki tatu. Nani ana wiki tatu? Gundi hulegea katika maji ya moto, hilo najua. Baba mkwe amekula, amelala. Birika limeanza kuimba. Ni dakika tano tu, kisha naurudisha ukutani kwake.