Kesi Yetu Dhidi ya Wanunuzi wa Maua

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mvua. Chumba changu cha Kashai kinavuja juu ya kitanda. Beseni nililotega liko kavu kabisa.

Shangazi Celina kapiga simu kutoka Nshamba. Kila mwaka huuza kahawa yake ikingali maua mtini, butura kama tunavyoiita, maana shida haingoji buni ziive. Wanunuzi ni watatu: wawili wa Muleba, mmoja wa Uganda, ng'ambo ya Mutukula. Mwaka huu wote wana bei moja! Ya chini kuliko zote. Rugaibula, mkubwa wao, kamwambia maua yasipomtosha aweke na kibanja, shamba lake la nyumbani, rehani. Kibanja alimozikwa mumewe!

Nimesoma kwenye simu. Huko Ulaya, wafanyabiashara wakipatana bei, walioumia hushtaki kwa pamoja na kulipwa fidia, hata kama wakosaji wako nchi mbalimbali. Mtu mmoja huwakilisha wote. Mtu mmoja! Nimejitazama kwenye kioo.

Jumatano, 10 Septemba

Nshamba. Nimehutubia watu kumi na wanane. Nikasema haki haina mpaka. Mzee mmoja akauliza kama itafika kabla ya ada za shule. Nikamwambia aangalie mbali. Akasema ameangalia, na ada ziko huko pia.

Wamejiandikisha kumi na saba. Shangazi alikuwa wa kwanza. Akanishika mkono: mwana wange, usiniache katikati. Nikamwambia anajua mimi ni nani. Akasema ndiyo maana anasema.

Ijumaa, 12 Septemba

Balaa! Kahigi, fundi cherehani, naye kaanzisha orodha. Anawaambia Walutheri wenzake wasiwakilishwe na Mkatoliki, fidia isije ikapitia parokiani kwanza. Nimempelekea ujumbe kwamba kesi si kwaya. Kajibu kwamba hata kwaya nilifukuzwa. Uongo! Niliombwa nipumzike.

Jumatatu, 15 Septemba

Bilele, kwa wakili Joanitha. Kahigi keshafika, na tai shingoni. Tukakaa benchi moja kama maharusi waliogombana.

Wakili akauliza: kosa moja, wakosaji walewale, orodha mbili za nini? Tukanyoosheana vidole. Akasema malalamiko yaanzie tume ya ushindani. Yule wa Uganda huenda akafuatwa kwenye mahakama za kwao. Na bei kufanana si ushahidi kwamba wamepatana. Hata ndizi sokoni hufanana bei. Akaomba hati za mauzo.

Hati gani? Butura imekatazwa, nani ataiandika? Mnunuzi hunyooshea mibuni kidole, mnakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwisha. Wakili akavua miwani. Akasema kumbe tumekuja kudai fidia ya biashara tunayoificha serikali. Hata hivyo hakutufukuza. Tulete mashahidi watano wa kuapa, mmoja wao awe aliyesikia wanunuzi wakipatana. Na tuwe kitu kimoja.

Jumatano, 17 Septemba

Shangazi kasikia! Wanunuzi walipatania sebuleni kwake, yeye akiwamiminia rubisi. Yuko tayari kuapa, ingawa anajua kuwa kesi ikishindwa hakuna atakayegusa kahawa yake tena. Mama wa chuma.

Kahigi kaleta mashahidi wanne. Kwa hiyo eti mwakilishi ni yeye. Na mwenye wazo je? Nimekataa. Naye kakataa. Wakili amesema tusimpigie hadi tupatane.

Ijumaa, 19 Septemba

Rugaibula kaja Kashai, mwenyewe! Kakaa kitandani, palepale penye unyevu, bila kulalamika. Akasema kichwa kama changu kinapotea bure. Wanatafuta wakala Nshamba: pikipiki, mkoba, kofia. Nikamwambia mimi ni mtu wa haki. Akauliza saizi ya kofia.

Nimetafakari sana. Mpelelezi bora hukaa ndani. Tena Kahigi hatakuwa mwakilishi. Saizi yangu ni kubwa.

Jumamosi, 20 Septemba

Kahigi kamfuata shangazi akaape kwa upande wake. Kakataa. Kasema hawezi kuapa dhidi ya wanunuzi wakati mtoto wa kaka yake ni mmoja wao. Kesi imekufa. Kahigi kanitukana barabarani kwa Kihaya safi. Wivu.

Jumatatu, 22 Septemba

Kazi ya kwanza: maua ya shangazi. Nilidhani atafurahi kuhudumiwa na damu yake. Akauliza kama naweza kuongeza kidogo. Nikamweleza kitaalamu kwamba nikiongeza mimi, wenzangu wataumia, na soko likiharibika ataumia yeye. Bei haikumtosha. Kaweka na kibanja rehani.

Kisha akaingia ndani akaniletea kiti cha wageni, akakipangusa kwa kanga yake, akasema karibu, Bwana Wakala. Majirani wote wakisikia!

Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuheshimiwa namna hii.