Nilivyowapa Wanafunzi Sauti

Jumatatu, 3 Februari 2025
Kiti kimoja cha bodi kiko wazi! Shule ya upili ya hapa Yamumbi, mtaa wangu mwenyewe. Mwalimu mkuu, Madam Namalwa, ametangaza kwamba atampendekeza mtu anayejali wanafunzi. Ndimi huyo! Mke wangu, Nabalayo, akamtaja Macharia wa duka la mbolea. Nilicheka hadi chai ikanipalia. Macharia hata hotuba hajui.

Jumanne, 4 Februari
Mpango uko tayari. Nimejitolea kuwafunza viongozi wa wanafunzi kudai mabadiliko bila mgomo na bila kuvunja vioo. Wakishajua kudai, watadai nini? Mimi kwenye bodi! Madam akaniuliza ningependa siku gani. Nikachagua Ijumaa jioni, wakati watoto hawana kazi ya maana, wanakimbiza mpira tu.

Ijumaa, 7 Februari
Sijawahi kupendwa hivi! Madam aliniletea shule nzima bwaloni. Niliposema "kwa kumalizia", bwalo lililipuka: makofi, miluzi, miguu ikipigwa sakafuni. Kuwanyima kungekuwa dhambi. Nikasema tena "kwa kumalizia". Makofi zaidi! Nikaendelea kumalizia mpaka giza likaingia. Baadaye rais wa wanafunzi, msichana mpole aitwaye Nasambu, akauliza kama kweli wanaweza kudai jambo lolote. Nikamwambia lolote, mradi wawaulize wenzao kwanza, kisha walipeleke kwa heshima. Akashukuru sana.

Jumatano, 12 Februari
Loo! Macharia naye alienda shuleni! Nasambu anasema aliwauliza wanataka nini, akawasikiza, akaenda zake. Hakuacha hata neno moja la busara. Nimemhurumia, jamani. Nikamdokezea Nasambu kwamba bodi inahitaji mtu mwenye maneno. Akajibu kwamba habari ya maneno wenzake wameitaja sana.

Ijumaa, 14 Februari
Nilivaa suti ya harusi. Wazazi walijaa bwaloni kwa mkutano wa kuwasikiliza wanafunzi na kumpendekeza mjumbe wa bodi, Madam mbele. Nasambu akasimama, akasema wameuliza kila darasa na wote wamekubaliana. Nikaanza kufunga vifungo vya koti. Wanaomba warudishiwe michezo ya Ijumaa! Na wageni wa kutoa hotuba waje tu wakiitwa na wanafunzi! Jina langu lilitolewa kama mfano. Mfano! Haki ya Mungu, nilikauka. Hakupaza sauti, hakumtukana mtu, aliniangamiza kwa heshima zote, vile vile nilivyomfunza. Madam akakubali papo hapo. Kisha akampendekeza Macharia. Nimeumia. Nabalayo alikuwa kati ya wazazi, na nilimwona akipiga makofi. Nilipomuuliza, akasema msichana ameongea vizuri.

Jumamosi, 15 Februari
Nimetafakari, moyo umetulia. Watoto walikuwa kimya, sasa wanadai na wanapewa. Nani aliwafunza? Kosa langu lilikuwa moja tu: niliongea kidogo mno. Nimempigia Mzee Kuria, mwenyekiti wa bodi ya shule moja upande wa Elgon View, nikaomba nipewe siku nzima ya kuwahutubia wanafunzi. Mada: Umuhimu wa Kuwasikiliza Vijana. Akaipenda. Kisha akauliza vijana wenyewe wataongea saa ngapi. Nimeshangaa hadi sasa. Waongee saa ngapi, na siku yenyewe hainitoshi?