Nafasi ya Upasuaji ni Yangu

Jumatatu, 6 Mei 1996. Ifakara.

Imetangazwa. Chuo cha Dar es Salaam kinachukua madaktari vijana kwa masomo ya ubingwa. Hospitali yetu itapendekeza mmoja tu wa upasuaji. Mmoja! Theresia, karani wa Mganga Mfawidhi, ndiye aliyeninong'oneza kabla tangazo halijabandikwa. Nikamwambia aandike jina langu kwa wino, si kwa penseli. Akasema limeshatangulia jina jingine. Dokta Ngusa.

Ngusa! Tulimaliza chuo pamoja, tukafanya mwaka wa mazoezi pamoja, tukaletwa hapa pamoja. Msukuma mrefu, mpole, hasemi ovyo. Wagonjwa wanapanga foleni mlangoni kwake hata mlango wangu ukiwa wazi na mimi nimesimama mlangoni. Hana kasoro. Hiyo ndiyo kasoro yake.

Profesa Dionisi anakuja Jumatano ya wiki ijayo kutusaili. Muda upo. Baba aliniita Omega akidhani mimi ndiye wa mwisho. Wakazaliwa wengine watatu. Tangu hapo sikubali mtu anipangie nafasi yangu duniani.

Jumanne, 7 Mei.

Mpango. Asiyekuwepo hasailiwi. Kwa hiyo Ngusa asiwepo.

Masika yameharibu barabara na huduma ya mkoba, ile ya kuwafuata wagonjwa vijijini, haijafika Chita tangu mvua zianze. Kule kuna wafugaji wengi, na Ngusa anaongea lugha yao. Nimekwenda kwa Mzee Apolinari, Mganga Mfawidhi. Shikamoo ya taratibu. Nikamweleza habari za watoto wasiochanjwa na kina mama wajawazito wanaokaa na homa zao. Nikasema anahitajika daktari mwenye moyo, aondoke kesho kwa treni, akae huko hadi mwisho wa mwezi. Nilivyozidi kueleza, machozi yakanilenga. Mzee naye yakamlenga.

Akainuka, akanishika mkono. Akasema katika utumishi wake wote hajaona daktari kijana mwenye uchungu na wananchi kiasi hiki, na kwamba hawezi kumnyima mtu wa namna hiyo nafasi ya kutumikia.

Treni ni kesho. Naondoka mimi.

Alhamisi, 9 Mei. Chita.

Mbu wa hapa hawana adabu. Hawangoji hata jua lizame. Wali ni mtamu, nakiri. Nimekuja na Nesi Domitila, mama mtu mzima ambaye amezalisha nusu ya bonde hili na hamwogopi daktari yeyote. Leo tumechanja kuanzia asubuhi mpaka mikono ikafa ganzi. Wazee wa Kindamba, wenyeji wa hapa, wamenikaribisha vizuri. Wafugaji wameleta maziwa, wakaniuliza Dokta Ngusa anakuja lini.

Hata huku!

Nimemwambia Domitila kwamba kuniweka Chita wakati huu ni dhuluma. Akasema nimshike mtoto vizuri, sindano inapinda.

Jumapili, 12 Mei.

Mpango wa pili. Ni bora kuliko wa kwanza kwa sababu haumtegemei mtu mwingine. Nimeugua malaria. Yaani nimeamua kuugua. Nani atabisha? Katika bonde hili kusema una malaria ni kama kusema una miguu. Hadubini hakuna hapa, kwa hiyo hakuna wa kunipima.

Nimejifunika blanketi, nikatetemeka kwa ustadi. Kipimajoto nikakitumbukiza kwenye kikombe cha chai. Domitila akakisoma, akasema kwa kipimo hiki nilifariki asubuhi. Nikaomba anipime tena. Safari hii nikakigusisha tu kwenye kikombe. Akakisoma, akaenda stesheni kupiga simu.

Jibu limekuja. Dokta Omega arudi Ifakara akatibiwe. Dokta Ngusa anakuja kushika nafasi yake.

Mimi nakwenda, yeye anakuja. Mipango miwili imezaa matunda kwa siku moja. Na wapo wanaosema sina akili.

Jumatatu, 13 Mei.

Ngusa amefika kwa treni ya mizigo, kasimama njia nzima. Hakutaja usaili. Nilitegemea atanishika paji la uso, atanipa pole, ataniaga.

Amekuja na dripu ya kwinini.

Nikamwambia najisikia nafuu. Akasema hiyo ndiyo dalili anayoiogopa, malaria kali humpa mtu nafuu ya uongo. Nikasema vidonge vitatosha. Tayari alikuwa ameupata mshipa, mara moja tu. Mimi mishipa huitafuta mara tatu.

“Tulia, kaka,” akasema. “Chita nitaimudu. Wewe pona, uwahi usaili.”

Na alikuwa anamaanisha. Ndicho kinachoniudhi kwa Ngusa.

Kwinini imepanda, masikio yameanza kulia. Kengele, za mbali.

Jumanne, 14 Mei. Ifakara.

Nimerudi. Ngusa kabaki Chita. Ushindi!

Ila alimwagiza Domitila anisindikize na ahakikishe nimemaliza vidonge vyote vya kwinini. Domitila si mtu wa kuagizwa mara mbili. Ndani ya treni alikaa mbele yangu mpaka nikameza, kisha akaniamuru nifungue mdomo na kuinua ulimi. Abiria wote walitazama. Mmoja alinipa pole kwa kichaa.

Kengele zimegeuka nyuki. Mzinga mzima kichwani. Jirani yangu ameniuliza habari za safari, nikamjibu kwamba ni saa nane kasoro.

Haidhuru. Usaili ni kusema, na msemaji ni mimi.

Jumatano, 15 Mei.

Siku ndefu. Naiandika kama ilivyokuwa.

Profesa Dionisi ni mtu mfupi mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Kati ya sauti zote duniani! Nikaona midomo ikicheza, nikasikia nyuki. Nikaamua kujibu kwa ujasiri. Swali la kwanza lilikuwa na tumbo ndani yake, hilo nililiona midomoni, kwa hiyo nikamweleza upasuaji wa kidole tumbo kuanzia kuchana ngozi hadi mshono wa mwisho. Swali la pili aliliuliza kwa upole huku ameinamisha kichwa. Nikajua anaulizia dawa zangu. Nikajibu: mara tatu kwa siku, baada ya chakula.

Domitila alikuwa ameleta chai, akasikia yote. Amenieleza baadaye kwa kunipigia kelele sikioni. La kwanza, Profesa aliuliza kama tumbo linaniuma, maana nilikuwa nimepauka. La pili, aliuliza daktari mpasuaji anaruhusiwa kukosea mara ngapi.

Kisha Profesa akamuuliza Mzee Apolinari aliko Ngusa; jina hilo nalijua hata midomoni. Mzee akaeleza, kwa sauti yake ya mkutano, kwamba amekwenda kumpokea mwenzake mgonjwa. Profesa akaandika kitu. Nikafurahi. Nikadhani anamkata.

Mchana gari la hospitali likaingia kutoka stesheni likipiga honi mpaka hata mimi nikaisikia. Ngusa alikuwa nyuma, matope hadi kifuani, ameinua dripu juu. Kwenye godoro alilala mwanamke wa wafugaji, Mbuke. Alikuwa juu ya dungu shambani akifukuza ndege wa mpunga, dungu likaanguka naye. Bandama lake lilikuwa limevimba kwa malaria ya miaka mingi, malaria ya kweli, likapasuka. Ndugu zake hawakutaka asogezwe. Ngusa aliketi nao, akaongea nao Kisukuma mpaka wakakubali. Treni haikuwepo. Akawaendea watu wa reli, akawaomba kiberenge cha mafundi, wakamleta nacho mpaka Ifakara.

Profesa hakuuliza huyu kijana ni nani. Alivua koti.

Tatizo likawa damu. Mbuke ni grupu O. Kwenye friji kulikuwa na chupa moja. Kaka yake akapimwa, haikulingana. Ndipo watu wa maabara wakanigeukia. Hospitali nzima inajua mimi ni O. Mzee Apolinari akatikisa kichwa, akasema Omega hawezi, ni mgonjwa. Ngusa naye akapaza sauti niachwe, nina malaria kali, amenitundikia dripu kwa mikono yake.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angenilaumu. Nilikuwa kiziwi kwa amri ya daktari. Lakini nilikuwa nimesimama upande wa kichwa chake, na midomo yake ilikuwa myeupe kama unga wa mchele. Akanitazama. Hakuwa anajua habari za usaili wala za nafasi moja. Alikuwa ananitazama tu kama mtu anavyomtazama daktari.

Nikasema sina malaria.

Hawakuelewa. Nikarudia, na kwa ajili ya nyuki nikarudia kwa sauti iliyofika wodi ya wazazi.

“Sina malaria! Nilidanganya ili niwahi usaili!”

Kukawa kimya. Sikukisikia kimya hicho, ila nilikiona usoni mwa kila mtu. Ngusa alitazama chini, kwenye viatu vyake vya matope.

Profesa akanisogelea sikioni.

“Umewekewa kwinini bila ugonjwa?”

“Chupa nzima, Profesa. Na vidonge.”

“Basi damu yako inakuja na dawa yake. Lala hapo.”

Nikalala. Nilimwona Ngusa akinawa, matope yakiishia kwenye viwiko, halafu akaingia chumba cha upasuaji nyuma ya Profesa. Damu yangu ikawafuata ikiwa bado ya moto. Mlango ukafungwa. Usaili wa Ngusa ulifanyika humo ndani, juu ya tumbo la Mbuke. Domitila anasema hakujieleza hata kidogo. Alisema “ndiyo, Profesa” na “hapa bado panavuja.”

Mbuke yu hai.

Ijumaa, 17 Mei.

Nafasi amepewa Ngusa. Kwani nani mwingine?

Mzee Apolinari aliniita ofisini. Masikio yangu yalichagua leo kupona, kwa hiyo nilisikia yote. Aibu kwa taaluma. Aibu kwa hospitali. Yale machozi yangu juu ya watoto wa Chita, je, nayo yalitoka kwenye kikombe cha chai? Nitarudi Chita kesho kutwa na nitakaa mpaka mpunga uvunwe.

Sikuinamisha kichwa. Nilimkumbusha, kwa heshima zote, kwamba damu yangu iliingia chumba cha upasuaji pamoja na Profesa, na ilifanya kazi nzuri, kwa hiyo kwa namna fulani nami nilisailiwa upya. Akanionyesha mlango.

Ngusa alikuwa ananingoja nje. Nilijiandaa kwa ngumi. Ningeipokea vizuri, ingetuweka sawa. Hakupiga. Alisimama tu, akikunja na kukunjua mikono ya koti lake.

“Ungeniambia, kaka,” akasema. “Tungerusha shilingi.”

Akaenda zake wodini. Nikabaki nimesimama barazani. Nilikuwa na jibu zuri kabisa, kwamba shilingi ina pande mbili na mimi si mjinga. Limenijia alipokuwa ameshafika mbali.

Nami nikapita wodini, kwa kuwa ndiyo njia ya kwenda kwangu. Mbuke alikuwa ameegemea mto, anakunywa uji. Kaka yake aliinuka kuniachia kiti. Nikamuuliza Mbuke anaendeleaje.

“Wanasema damu yako ina uongo kidogo, daktari,” akasema. “Lakini inatembea vizuri.”

Nikatoka haraka. Vumbi liliniingia jichoni. Najua ni masika.

Jumamosi, 18 Mei.

Nimetafakari tangu alfajiri na nimelijua kosa langu. Kosa langu ni upasuaji. Kila mtu anautaka. Mwenye akili hupita mlango usiogombewa.

Theresia anasema nafasi ya udaktari wa usingizi bado iko wazi, na kwa hapa mwombaji ni mmoja tu, Dokta Herieth, binti aliyehamia kwetu juzi kutoka Lupiro. Binti mwema, hana maneno. Nikamfuata kantini. Nikamwambia nimeitazama mikono yake, ni myepesi, ni mikono ya daktari wa macho. Nikasema usingizi ni kazi ya kukaa kichwani kwa mgonjwa huku sifa zikimwendea mpasuaji. Macho je! Kipofu anaingia akishikwa mkono, anatoka akiwasalimia watu kwa majina. Nikasema mpaka mimi mwenyewe nikasisimka.

Alinisikiliza kwa adabu mpaka chai yake ikaisha. Kisha akaniuliza, kama macho ni mazuri hivyo, mbona mimi siyaombi.

Swali la kitoto. Nimelifikiria tangu saa nne. Wali wa mchana umepoa nikilifikiria.

Nimerudi kwa Theresia. Nafasi ya macho ipo. Nimezaliwa kwa ajili ya macho, ajabu ni kwamba hakuna aliyewahi kuniambia. Wameomba watu wawili tu. Mmoja ni mimi, tangu mchana huu, kwa wino. Wa pili ni daktari mmoja wa Mahenge, na Theresia anasikia kwamba ni mtu anayempenda sana mama yake na hajamwona siku nyingi.

Mtu wa namna hiyo anastahili likizo ndefu. Nimeshaanza kumwombea.