Bonde Lisilo na Upepo

Alhamisi, 6 Machi

Baba mkwe ametangaza leo mezani, kabla hata sahani hazijaondolewa. Magoti yake yamechoka na klachi. Lile gari-nyumba lake, gari la mikate la zamani alilolitoboa madirisha kwa mkono wake na kulitia vitanda na jiko, anataka kulikabidhi kwa mkwe mmoja. Wakwe tuko wawili: mimi, fundi wa majokofu, na mwanyumba wangu, kinyozi, aliyemuoa mdogo wa mke wangu.

Masharti ni haya. Wiki ijayo familia inakwenda kupiga kambi kama kila mwaka, msimu huu huu wa joto la unyevu, ambapo shati lililoanikwa asubuhi hufika jioni bado bichi. Kila mkwe achague uwanja wake. Ijumaa tunalala kwa mmoja, Jumamosi kwa mwingine. Wazee ndani ya gari, sisi kwenye mahema. Atakayemlaza mzee usingizi mzito mpaka jua lipande, gari ni lake. Baba mkwe aliendesha mabasi miaka thelathini na nne. Anasema mtu asiyejua kuchagua pa kuegesha hafai kukabidhiwa usukani.

Mke wangu alingoja tufike nyumbani. Hapo akaniambia gari lile lisiende kwingine. Alijifunza kusoma akiwa ndani yake, kwa kusoma mabango ya barabarani. Urefu wake wa kila mwaka umechorwa kwa kalamu kwenye mlango wa kabati. Machozi yakamlengalenga. Nikamwahidi. Sijaahidi kitu kwa nguvu hivyo tangu siku ya ndoa.

Ijumaa, 7 Machi

Habari mbaya. Mteja aliyeniletea friji lake alinyolewa jana kwa mwanyumba. Alimsikia akiagiza kiti kipya cha kunyolea, kile cha kuzunguka. Kiti cha nini, na kibandani kwake kiti kipo? Nimeelewa papo hapo. Anataka kung'oa vitanda afungue saluni ya magurudumu. Nywele za watu baki zitaangukia mbele ya kabati la mke wangu.

Nilipanga nisimwambie mke wangu, asije akaumia bure. Nikamwambia kabla sijavua viatu.

Tatizo la mwanyumba ni kwamba kila mtu anampenda. Mzee humwita mwanangu. Mimi huniita fundi, na mara nyingi ni kwa sababu kuna kitu hakigandishi. Safari hii tutaonana. Ni kufa na kupona.

Jumapili, 9 Machi

Nimezunguka viwanja vitatu kwa pikipiki, kipimajoto cha chumba cha baridi mfukoni. Wenzangu huchagua kambi kwa kutazama mandhari. Upuuzi. Adui wa msimu huu ni joto, na joto ndiyo kazi yangu.

Uwanja wa kwanza uko kando ya ziwa. Nyuzi thelathini na moja, na mbu saa nne asubuhi, hata aibu hawana. Wa pili ni nyasi tupu hadi mwisho wa macho, hakuna mti. Thelathini na nne. Sikuzima hata pikipiki.

Wa tatu nikashuka bondeni. Miti imesongamana pande zote, nyuma kuna ukuta wa udongo, katikati kibwawa cha maji yaliyotulia tuli. Nikatoa kipimajoto. Nyuzi ishirini na tano. Nikakitikisa, nikapima tena. Ishirini na tano. Nikawasha kiberiti, moto ukasimama wima, haukutikisika hata kidogo. Moyo uliniruka kwa furaha. Katika ufundi wetu somo la kwanza ni hili: baridi haipotei, hutoroka. Ziba upenyo, umemaliza kazi. Bonde hili halina upenyo.

Mtunza kambi, mama mmoja aliyevaa buti za mpira, alinishauri niende ukingoni juu, katika uwanja huohuo. Eti msimu huu watu hutaka pale upepo unapopita na maji yanapotiririka. Eti bondeni hajalala mtu tangu Januari. Nikamwona mpaka ndani. Anawawekea ndugu zake. Nikakodi bonde lote. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia mwenye macho haambiwi tazama.

Jumatano, 12 Machi

Kura imepigwa. Mimi Ijumaa, mwanyumba Jumamosi.

Nimekwenda kwake kupeleleza, na gharama yake ni nywele zangu zote, maana huwezi kukaa kwa kinyozi nusu saa bila sababu. Hakunificha kitu. Hajatembelea uwanja hata mmoja. Amekuwa akiwauliza wateja tu, kila kichwa kilichokaa kitini: ulilala wapi usiku wa joto ukasahau kujipepea? Wote wamemtajia kilima kimoja, chenye miti ya kivuli, udongo wa kichanga, upepo kutwa kucha na umeme wa kuchomekea feni. Amekwishaweka nafasi. Hata hatakwenda kupaona, anaamini maneno ya watu. Nikampongeza. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Mimi nilikuwa nimenyolewa tayari, kwa hiyo nilikuwa na haraka.

Nikaenda nyuma ya karakana, nikapiga simu kilimani. Nikalainisha sauti kama yake. Nikasema ni mimi kinyozi, tumepata udhuru, nafasi ya Jumamosi wapeni wengine. Dada wa kule akasema pole sana. Yangeishia hapo. Lakini nyuma ya sauti yake nikasikia kompresa ya friji inakoroma, kisha inakatika, kisha inakoroma. Nafsi haikukubali. Nikamweleza avute friji kutoka ukutani, asugue zile neli za nyuma kwa brashi laini, kisha abane karatasi mlangoni aone kama mpira unashika. Alishukuru mno.

Kazi safi. Hakuna atakayejua.

Ijumaa, 14 Machi

Tumefika saa tisa alasiri. Wote walishuka wakasema ah. Mama mkwe akajifunika mtandio kwa baridi. Mzee akazunguka bonde zima, mikono nyuma, akasema fundi, hapa pametulia. Hajawahi kunisifia kitu kisicho na waya. Mwanyumba naye akanipa mkono, akasema nimemweza. Nilimhurumia kidogo.

Mke wangu peke yake ndiye aliyeangalia juu. Akauliza mbona majani hayatikisiki. Nikamwambia yamepumzika.

Sikutaka kubahatisha. Wazee walipokuwa wakinywa chai nikapanda juu ya gari-nyumba na mkanda wa gundi, nikaziba matundu yote ya hewa ya paani. Nikaziba na vidirisha vya mahema. Baridi ya saa tisa tutakuwa nayo mpaka alfajiri. Mzee anapiga miayo. Gari ni letu.

Jumamosi, 15 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mahesabu yangu hayakuwa na kosa. Watu ndio waliokuwa na joto. Mke wangu na mimi ndani ya hema lililozibwa, tukipumua kwa zamu. Saa nne usiku paa la hema lilikuwa linadondosha maji kama mfuniko wa sufuria. Saa tano mbu wa kibwawani walikuwa wameshapata habari. Mwanyumba na mkewe walihamisha godoro lao nje, kisha wakalirudisha, kisha wakaliacha nusu ndani nusu nje. Asubuhi chumvi imegeuka uji na kiberiti hakiwaki. Hakuna chai.

Nilimkuta mzee amekaa kwenye ngazi ya gari tangu saa kumi na moja, fulana imemganda mgongoni, anajipepea na mfuniko wa sufuria. Mkononi ana kipande cha mkanda wangu wa gundi. Alikuwa anahema. Alionekana mzee kweli. Niliona haya, naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma.

Mwanyumba akatuliza mambo. Akasema yaliyopita si ndwele, leo tunahamia kilimani kwenye upepo. Mama mkwe akamwombea dua. Watu wakaanza kufungasha kwa kicheko. Hata mimi nilikuwa nang'oa vigingi huku napiga mluzi, mpaka nikakumbuka. Kigingi kikanidondoka.

Mwanyumba akapiga simu kuwaambia tunakuja mapema, akaweka sauti ya nje tusikie wote. Dada wa kilimani akashangaa. Si ulighairi Jumatano? Pamechukuliwa na kwaya nzima. Halafu akaongeza kwamba anamshukuru sana, tangu asugue zile neli friji halijakoroma tena, na mpira ameupima kwa karatasi kama alivyoelekezwa.

Vichwa vyote vikanigeukia kwa pamoja. Nikajifanya naangalia vigingi. Mzee akauliza taratibu kama siku hizi vinyozi wanasomea neli.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi kisima changu kina mbu. Nikaona afadhali nishambulie. Nikasema na yeye je, aliyeagiza kiti cha kunyolea ili ang'oe vitanda? Mwanyumba alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope. Kiti ni cha kibandani. Kile cha zamani mguu umefungwa waya, wiki iliyopita kilimwangusha mwalimu mkuu akiwa na sabuni usoni. Tena, akasema, angeshinda gari angeliacha kwetu. Kwake hapana pa kuegesha hata baiskeli, na mkewe alishamwambia gari lile ni la dada yake moyoni.

Kumbe wiki nzima nimepigana na mtu wa upande wetu.

Mke wangu hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alisema tu nilimwahidi. Kisha akapanda gari-nyumba akashika usukani, mdogo wake akaingia upande wa pili, mke wangu akawasha. Gia ya kwanza, gia ya pili, haikusaga hata moja. Wakapotea nyuma ya miti. Sisi wanaume tulibaki na vigingi.

Jumapili, 16 Machi

Hawakwenda mbali. Walipanda mpaka ukingoni juu, palepale aliponielekeza yule mama wa buti. Tulifuata kwa miguu, hema kichwani.

Nilimtazama mke wangu akichagua. Hana kipimajoto. Alilowesha mkono kwa maji akausimamisha hewani, akangoja usikie ubaridi upande gani. Akachimba udongo kwa kisigino aone kama unashika maji. Akatafuta alama mvua zilikopita. Alikikwepa kichaka, akaupita mti mkubwa uliokuwa na tawi kavu, akasimama kwenye mwingine, upande ambao kivuli kitakuwa saa tisa si ule kilipo asubuhi. Akaligeuza gari madirisha yakabili upepo. Mara tatu akarudi nyuma kidogo, mara tatu akasogea mbele, mpaka akaridhika. Mdogo wake akapanda juu akabandua mkanda wangu wote na kuufinyanga ukawa mpira. Alinirushia. Haukunikosa.

Leo mzee ameamka saa mbili na nusu. Mama mkwe alikuwa ameshaingia mara mbili kuhakikisha anapumua. Mzee alitoka akijinyoosha, mwanyumba akamnyoa ndevu hapo hapo kwenye upepo, na povu lilipofutwa mzee akamwita mke wangu. Akamwambia gari ni lake. Akasema wiki nzima amewapima wanaume wawili, akasahau kwamba yeye mwenyewe, kwa mikono yake, aliwafundisha mabinti wawili kuegesha.

Mke wangu alilia waziwazi. Aliingia ndani akafungua kabati akasimama mbele ya zile alama, akizigusa moja moja. Mimi nililia nyuma ya gari. Nikawaambia ni jasho.

Jumatatu, 17 Machi

Gari-nyumba limeegeshwa mbele ya karakana. Majirani wote wameliona. Tumeshinda.

Nimekaa nikatafakari kwa utulivu, na haki lazima isemwe. Nani alichagua uwanja ule? Mimi. Nani alighairi kilima? Mimi. Bila mimi mke wangu asingegusa ufunguo, na mzee angekuwa anakoroma kwa mwanyumba. Nimejaribu kumweleza mke wangu hivyo wakati wa kifungua kinywa. Alichukua kikombe chake akaenda kunywea nje.

Bonde pia nimelitafakari. Kosa nimelipata. Saa nane usiku mtu alifungua zipu kwenda msalani. Zipu wazi, baridi imetoroka, basi. Mkanda wa gundi nao si kitu, ulitumika kwa sababu ya haraka tu. Hivyo, mke wangu alipokwenda sokoni mchana huu, nikatoa mipira mipya ya milango ya friji, ile ya kubana kabisa, na gundi ya dukani kwangu ambayo haibanduki. Madirisha manne, matundu ya paani, mlango. Nataka arudi akute zawadi.

Nimemaliza. Nimejifungia ndani kujaribu, naandikia kitandani. Kazi imeshika kuliko nilivyotarajia, mpaka kitasa hakizunguki. Kipimajoto kinasoma nyuzi thelathini na tisa, lakini ndiyo kwanza nimefunga, zitashuka. Kalamu inateleza kidogo.

Mke wangu amerudi. Anagonga kioo kwa mikono miwili, anasema kitu sikisikii. Nimemwashiria asifungue, baridi itatoka.